Paa la Mama Arlette

Mume wangu Ambroise ni fundi wa kurudisha misumari. Ukimpa kazi ya kuezeka nyumba, siku ya mwisho, wakati unadhani amemaliza na anangoja chai yake aondoke, anakuja na mfuko wa nailoni na kuuweka miguuni pako. Ndani mna misumari iliyobaki. Ile iliyopinda ameinyosha kwa nyundo juu ya jiwe. Vipande vya mbao navyo amevifunga kwa kamba, hata vile ambavyo havifai kitu ila kuwashia moto. Mafundi wenzake wa Bunia walikuwa wanamcheka, maana kila mtu anajua kwamba masalio ni ya fundi, ndiyo kuni za mke wake. Mke huyo ni mimi. Miaka ile yote nilipika kwa kuni za kununua, huku mume wangu akiwarudishia kuni za bure watu wenye magari. Nilimgombeza mpaka nikachoka.

"Mama Dady," alikuwa ananijibu, "hii misumari haiko yangu."

Basi, hakuwa na hotuba zaidi ya hiyo. Alizaliwa Marabo, kwa watu wa kulima maharage, na alikuja Bunia kwa miguu akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, msumeno wake umefungwa ndani ya gunia. Alijenga, akanioa, tukapata Dady na Mireille, akawa shemasi katika kanisa letu la mtaa wa Saio. Yeye ndiye aliyebeba sinia la mkate siku za meza ya Bwana. Watu walikuwa wanasema: ukitaka kujua Mkristo anafananaje, mpe Ambroise kazi. Mimi sikuwahi kuwa mtu wa kurudisha misumari, na nalisema hilo mapema ili lisije likawashangaza mbele.

Jirani zetu walikuwa Papa Arlette na Mama Arlette. Yeye bwana, Nicolas, alikuwa anachukua samaki Kasenyi na kuwauza hapa mjini. Kati ya kiwanja chao na chetu palikuwa na ua wa miti, na katika ua palikuwa na mwanya ambao hakuna aliyeutoboa kwa makusudi. Ulitokea tu kwa sababu ya kupita na chumvi, na makaa ya moto, na watoto. Mwaka wa tisini na saba Nicolas alinunua mabati ishirini na nane, yaliyovushwa ziwani kutoka Uganda, na Ambroise ndiye aliyeiezeka nyumba yao.

Kwetu, msumari hauingii kwenye bati peke yake, la sivyo maji yanaufuata. Chini ya kichwa cha msumari unaweka kiduara cha mpira. Wengine wanakata mipira ya baiskeli. Mama Arlette alikata ndala za bwana wake, zile za buluu tunazoita babushi, zilizokuwa zimelika kwa maji ya samaki. Alikaa juu ya mkeka siku tatu na mkasi wake wenye jino lililovunjika, na kila kiduara kilitoka na mkato mdogo pembeni kama vile panya ameonja. Mimi nilikuja kumsaidia. Baada ya vidole kuanza kuuma nilisema nimeacha sufuria motoni, nikapita kwenye mwanya na kwenda kulala.

Sisi wenyewe hatukuwa na paa. Yaani, nyumba ya fundi ilikuwa na kuta za matofali na miti ya paa juu, tayari kabisa, kwa miaka sita, ikingoja mabati ambayo hayakuja. Tulikaa nyuma yake katika kijumba cha majani. Nilikuwa naona haya wageni wakija, lakini ile haya ilikuwa ndogo. Sikujua bado kwamba kuna nyingine.

Vita vilipokuja, sitataja makabila. Mtu wa Bunia anayajua, na mtu wa mbali nikimtajia atadhani ameelewa. Niseme tu kwamba wao walikuwa wa upande mmoja na sisi tulihesabiwa upande mwingine, na kabla ya hapo jambo hilo lilikuwa la kutaniana kwenye harusi. Mwezi wa tano mwaka wa 2003 askari wa Uganda walipoondoka, mji ulianza kupigwa risasi mtaa kwa mtaa. Asubuhi moja Nicolas alipita kwenye mwanya akiwa na godoro kichwani. Nyuma yake alikuwa Mama Arlette na sufuria, na Arlette, wakati huo msichana wa miaka kumi, ameshika kandambili zake mkononi ili akimbie vizuri. Walikuwa wanaelekea njia ya Komanda. Nicolas alitoa ufunguo mfukoni.

"Fundi, nyumba iko mu mikono yako. Uiangaliaka."

"Muende na Mungu," Ambroise alimwambia. "Mutarudi mukute kila kitu."

Nilikuwepo. Nilimsikia akisema kila kitu.

Siku ya pili wenye bunduki, wale tunaowaita ma-milicien, waliingia kwenye kiwanja kile. Ambroise alikwenda kusimama mlangoni akiwa ameinua ufunguo juu, akiwaambia kwamba yeye ndiye mlinzi. Walicheka. Mmoja alimsukuma kifuani kwa kitako cha bunduki, akaanguka juu ya maua ya Mama Arlette. Walibeba magodoro, masahani, madirisha, na mlango wenyewe waliung'oa wakaondoka nao. Mabati yalibaki kwa sababu hawakuwa na ngazi. "Tutarudi," walisema, wakiangalia juu. Siku hiyohiyo cheche zilitoka kwenye nyumba zilizokuwa zinaungua ng'ambo ya barabara, kijumba chetu cha majani kikawaka, na tukahamia ndani ya zile kuta zisizo na paa.

Mimi ndiye niliyesema. Nilimwambia, "Papa Dady, ngazi ni yetu. Kama hauyashushi weye, kesho watayashusha wao. Uyashushe, uyahifadhi." Na saa ile ulikuwa ushauri mwema, hata leo naweza kuusema mbele ya mtu yeyote. Aliwaza, akaomba, akapanda. Mimi nilishika ngazi. Aliondoa bati moja moja, akiung'oa kila msumari polepole ili tundu lisipanuke, na viduara vya buluu akavikusanya ndani ya kopo. Tuliyaegemeza ukutani kwetu na kuyafunika kwa matete. Mpaka hapo hatukuwa wezi. Nimelirudia jambo hili kichwani mara nyingi sana, na kila mara najua kinachofuata.

Ilinyesha siku nne. Mireille alianza kukohoa. Watoto walikuwa wamejibanza nyuma ya yale mabati yaliyoegemezwa, kama kuku, na mimi nikayaangalia mabati, nikaiangalia miti yetu ya paa, nikacheka kidogo, maana jambo baya mara nyingi mimi nalianza kwa kucheka.

"Bati inahifadhiwa muzuri zaidi kule juu kuliko huku chini," nilisema. "Chini itashika kutu. Tuyapandishe. Wakirudi, utayashusha siku moja tu."

Aliinua macho kwenye miti ya paa. Mireille akakohoa.

"Ni ya kuazima," alisema.

"Ni ya kuazima," nilimjibu.

Aliyepaswa kutuazima alikuwa njiani kwenda Komanda na godoro kichwani.

Miti yetu haikupangwa kwa kipimo cha nyumba yao, kwa hiyo matundu ya zamani hayakulingana na mapya. Pale tundu lilipobaki wazi, Ambroise alirudisha kiduara cha buluu na kukigandisha kwa lami. Alifanya kazi nzuri, maana hajui kufanya nyingine. Jioni watoto walilala pakavu, na mimi nililala usingizi mzito sana. Naona haya kwa mambo mengi ya mwaka ule, lakini usingizi ule ndio unaonisumbua.

Mwezi wa sita askari wa Ufaransa walikuja, mji ukatulia kiasi, na watu wa kanisa wakaanza kutembeleana. Kwetu nyumba mpya haikaliwi hivihivi. Lazima kanisa lije liombe ndani yake na kumshukuru Mungu. Mchungaji Katsuva alikuja mwenyewe, na akina mama wa kwaya. Alisimama sebuleni, akaangalia juu, akauliza kwa furaha, "Sasa Mungu aliwapatia njia gani, shemasi?"

Ambroise alifungua kinywa. Mimi nilitangulia. "Mungu iko na njia zake, Pasteur," nilisema, na kwaya nzima ikajibu Amina.

Hakuna aliyetazama upande wa pili wa ua, ambako kuta za Mama Arlette zilikuwa wazi juu kama kinywa cha mtu anayeshangaa. Mwaka ule kila mtu Bunia alikuwa na kitu cha mtu mwingine ndani ya nyumba yake, kwa hiyo macho yetu yalikuwa na adabu sana. Mchungaji aliweka mkono ukutani na kuomba. Alimshukuru Mungu kwa paa. Halafu akahubiri kidogo, na mahubiri yake yalikuwa juu ya misumari: kwamba mtu aliyekuwa mwaminifu kwa msumari mmoja, Mungu amemwona na kumpa nyumba nzima. Ambroise alikuwa mbele, ameinamisha kichwa, na wale akina mama walidhani ni unyenyekevu. Mmoja alifuta machozi. Mimi nilikwenda kuleta chai.

Tulimshukuru Mungu kwa wizi, tena kwa nyimbo tatu.

Toka siku ile mume wangu alibadilika. Kanisani alibeba sinia la mkate kama kawaida, akawapitishia watu wote, na kulirudisha mezani bila yeye kula. Nani anamwangalia shemasi kama amekula? Mimi nilimwangalia. Aliacha kuimba ile sauti yake ya chini. Nyumbani alihamishia mkeka wake barazani, sehemu tuliyoiezeka kwa majani kwa sababu mabati hayakutosha, akala huko na kulala huko. Nilimuuliza kwa nini. Alisema ndani kuna joto. Bunia haina joto la namna hiyo, na sisi wawili tulijua.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata, Mama Arlette alirudi. Alishuka kwenye lori lililotoka Komanda, yeye na Arlette, wawili tu. Nicolas alikuwa amezikwa huko Komanda baada ya kuhara siku tatu. Alipita kwenye mwanya wa ua, nyasi zikiwa zimeuziba mpaka kiunoni, na tulikumbatiana tukalia. Yale machozi yangu yalikuwa ya kweli. Ajabu ni kwamba mtu anaweza kumlilia mtu kwa kweli kabisa akiwa amesimama chini ya mabati yake.

Ambroise aliingia ndani na kutoka na ufunguo. Alikuwa ameutundika ukutani kwenye msumari wake peke yake, akiufuta kutu kwa kitambaa. Alimpa kwa mikono miwili. Ufunguo wa mlango ambao haupo. Mama Arlette aliuangalia, kisha akaziangalia kuta zake, na majani yaliyoota sebuleni.

"Aksanti, Papa Dady," alisema. "Papa Arlette alikuwa anatuambia mpaka siku ya mwisho: musiogope, fundi iko kule."

Halafu alinigeukia mimi. "Na mabati? Ni nani walibeba?"

"Ma-milicien," nilisema. Sikusita hata kidogo. "Walikuja na ngazi."

Hata ngazi niliwapa. Ambroise alitikisika kama mtu aliyekanyaga mwiba, akaniangalia, akarudi barazani kwake.

Paa letu Mama Arlette aliliona, lakini alijua tulikuwa tunangoja mabati miaka mingi, akaamini. Watu wa misaada walimpa turubai, sisi tunaiita bache, akaifunga kwenye pembe ya nyumba yake akakaa chini yake na mtoto. Ambroise alimsimikia miti ya kuishikilia, akamchimbia mfereji ili maji yasimfikie. Kila mara Mama Arlette alimshukuru, na kila mara mume wangu alirudi nyumbani kama mtu aliyepigwa fimbo hadharani.

"Lakini uko unamusaidia," nilimwambia. "Haitoshi?"

"Niko namusaidia kukaa chini ya bache, na mimi niko na mabati yake."

"Basi umwambie!"

"Nimwambie nini? Kwamba muke wangu ni muongo?"

Ndipo nilipoelewa. Hakuwa anaogopa aibu yake, hiyo alikuwa tayari kuinywa. Alikuwa ananificha mimi. Akisema ukweli, neno langu la ma-milicien na ngazi lingeanguka katikati ya kiwanja, watu wote waone. Ningeweza kumfungua siku ile kwa sentensi moja. Niliokota ufagio nikaanza kufagia.

Mvua zilianza mwezi wa tatu. Tulikuwa na pipa chini ya mfereji wa paa, likijaa maji safi, na mimi, kwa ukarimu wangu, nilikuwa nimemwambia Mama Arlette aje achote wakati wowote. Maji ya Mungu, nilimwambia. Asubuhi moja, baada ya mvua ya mawe, alikuja na ndoo. Mimi nilikuwa kizingitini nachagua maharage. Alichota, akasimama. Akatia vidole ndani ya ndoo na kutoa kitu kidogo, akakiweka kiganjani. Kilikuwa kiduara cha buluu, chenye mkato mdogo pembeni.

Aliinua macho akaangalia paa letu. Hakuangalia kwa haraka. Maharage yangu yalimwagika chini, nikawa nayaokota moja moja ili nisiinue uso. Mama Arlette alikifunga kile kiduara kwenye ncha ya kitenge chake, akainua ndoo kichwani.

"Ubakie muzuri, Mama Dady," alisema, na akapita kwenye mwanya.

Nilingoja matusi. Nilijiandaa kabisa, nilikuwa na majibu yangu: kwamba wengine wangeyabeba, kwamba mtoto alikuwa anakohoa. Siku ya kwanza alinisalimia. Ya pili pia. Jumapili alikuja kukaa karibu nami na tukashikilia kitabu kimoja cha nyimbo, kidole chake kikinionyesha mstari kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nimepotea. Katikati ya wiki alimtuma Arlette na viazi vitamu. Nilimkasirikia. Ndiyo, mimi mwenye kosa nilimkasirikia yeye. Mbona hatukani? Mbona haiti watu? Angenitukana ningekuwa na mahali pa kusimama. Viazi vile nilivipika nikawapa watoto vyote, na wiki mbili zilipopita nikashindwa kuvumilia.

"Anajua," nilimwambia Ambroise. Alikuwa analainisha ubao kwa randa, akaiweka chini.

"Toka lini?"

"Toka ile mvua ya mawe."

"Wiki mbili?" alisema. "Na iko anatusalimia?"

Hakungoja jibu. Alikwenda kuchukua ngazi.

Ilikuwa Jumamosi, asubuhi, mawingu meusi yamejaa upande wa ziwa. Nilimshika shati. Nilimwambia angoje kiangazi, nilimwambia watoto watalowa, nilimwambia watu watatuona. "Wacha watuone," alisema, na akapanda. Majirani walikuja kusimama barabarani kwa sababu mtu anayebomoa paa lake wakati wa mvua ni kitu cha kuangalia. Bati la kwanza liliposhuka alilibeba kichwani, akapita nalo kwenye mwanya, na mimi nyuma yake, mikono kichwani.

Mama Arlette alikuwa anafua. Ambroise alilaza lile bati miguuni pake, akapiga magoti kwenye maji ya sabuni. Mwanaume wa miaka hamsini.

"Mama Arlette, hii mabati ni yako. Ni mimi niliyashusha. Bwana yako aliniachia ufunguo wa mulango, na mimi nikaingilia juu. Hakuna milicien aliyegusa hata bati moja. Tulikudanganya. Nilikudanganya."

Alijisahihisha mwenyewe, mbele yangu. Alisema tulikudanganya, kisha akalibadilisha likawa lake peke yake. Nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma yake, na ulimi niliokuwa nao wa kumjibia mchungaji, wa kumjibia Mama Arlette, siku ile haukuwepo.

Mama Arlette alikausha mikono yake. Alifungua ncha ya kitenge akatoa kile kiduara.

"Nilikuwa najua, Papa Dady."

"Sababu gani haukusema?"

"Ile siku nilitoka kwa pipa na ndoo, nusu ya maji ilimwagika njiani. Nililia, nikakutukana weye ndani ya roho, nikamutukana hata Papa Arlette sababu alikuamini. Kisha nikasema, Bwana, na mimi umenisamehe mangapi? Nilikusamehe palepale, na kesho yake ikanibidi kuanza tena, na kesho yake tena. Lakini nilisema, nikimuuliza, atarudisha sababu ya kuogopa. Wacha nimungoje aje mwenyewe." Alitazama turubai yake. "Nilikuwa tu naomba Mungu usichelewe sana, bache inaanza kutoboka."

Kuna mtu barabarani alicheka, na Ambroise akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata tulipomzika baba yake.

"Sikiliza," Mama Arlette aliendelea. "Siye tuko wawili sasa. Chumba na sebule inatosha. Kumi na ine ulete, kumi na ine ubakie nayo. Watoto wako wasilowe."

"Hapana, Mama. Siwezi."

"Hauwezi?" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Uliweza kubeba wakati sijakupa. Leo nakupa, unashindwa kupokea?"

Ambroise alibaki na magoti yake majini. Nadhani hapo ndipo ilimwuma kuliko kote, kwa sababu yeye ni mtu wa kurudisha, na hakuwahi kujifunza kupokea. Mwishowe aliitikia kwa kichwa.

Jumapili alisimama kanisani kabla ya mahubiri na kuyasema yote. Aliomba aondolewe ushemasi. Aliomba kanisa limwombe Mungu radhi kwa ile shukrani, kwa maana tulikuwa tumeiweka juu ya kitu cha mjane. Mchungaji Katsuva alikaa chini akashika kichwa, nadhani alikuwa anakumbuka misumari. Na tena Ambroise alisema mimi, mimi, mimi, tangu mwanzo mpaka mwisho. Mimi nilikuwa katikati ya akina mama wa kwaya, na mmoja wao alinishika mkono kwa huruma, akaninong'oneza, "Pole, mama, wanaume wanatuletea aibu." Nilimwacha anishike.

Mwezi uliofuata Ambroise alimwezekea Mama Arlette ile sehemu ya chumba na sebule. Viduara vya zamani vilikuwa vimechoka, vipya vilihitajika. Mama Arlette alitandika mkeka na kutoa mkasi wake, uleule wenye jino lililovunjika. Alitafuta mpira wa kukata, hakuupata, akaiangalia miguu yangu. Nilikuwa nimevaa babushi mpya. Nilizivua.

Alinipa mkasi. "Kata weye," alisema. "Mara ya kwanza ulikimbia, ukasema sufuria iko kwa moto."

Kumbe alijua hata hiyo. Nilikata. Juu yetu nyundo ya Ambroise ilikuwa inapiga, na vidole vyangu vilianza kuuma, na nikaona kwamba nikikaa kimya leo, nitakaa kimya mpaka kaburini.

"Mama Arlette, ile ya ma-milicien ni mimi. Na ya kusema tuyapandishe kwetu ni mimi. Ambroise alinifunika."

Hakuacha kupanga viduara kwenye sahani.

"Najua," alisema. "Mwenye kunijibu siku ile alikuwa nani? Masikio yangu haikufia Komanda. Weye pia nilikuwa nakungoja, na weye ndiye umechelewa sana." Halafu aliushika mkono wangu wenye mkasi, akaubana, akauachia. "Nimekusamehe, dada. Sasa ukate duara ya kweli, hii yako iko na pembe."

Kile kiduara chake cha zamani, kile cha kwenye ndoo, alimrushia Ambroise juu ili aanze nacho msumari wa kwanza wa bati la mwisho. Mume wangu alijipiga kidole gumba. Jioni nilirudi nyumbani nikiwa peku, na akina mama barabarani waliniuliza ndala zangu ziko wapi, nikawaambia ziko juu ya nyumba ya Mama Arlette.

Siku ya meza ya Bwana iliyofuata sinia lilibebwa na shemasi mwingine. Lilipofika kwa Ambroise alichukua mkate, akaushika muda mrefu, akala. Hakukubali ushemasi tena mpaka miaka ilipopita mingi. Bado anarudisha misumari. Lakini zamani aliirudisha akiwa ameinua kidevu kidogo, ingawa mwenyewe asingekubali, na sasa anaiweka chini taratibu na kuondoka kabla hujamsifu.

Tungali tunaishi hapo, nusu mabati, nusu majani. Mwanya wa ua upo. Mara kwa mara anakuja mtu anayetaka kujengewa, mtu mgeni asiyemjua Ambroise, anauliza kama huyu fundi ni mwaminifu. Ambroise hajibu. Anamwonyesha mwanya na kumwambia, "Uende uulize Mama Arlette." Mimi niko barazani, nasikia kila neno.

"Fundi Ambroise?" Mama Arlette anasema. "Huyo aliezeka nyumba yangu mara mbili. Ya pili, hata chai alikataa."

Mgeni anafurahi, anarudi kupatana kazi. Mama Arlette hajawahi kuongeza neno, na miaka imepita mingi. Mimi hapo huangalia miguu yangu, mpaka mtu apite.